Pini ya Tano

Baba yangu hutazama ndege kama watu wengine wanavyotazama harusi ikipita. Husimama, huacha alichokuwa akisema, na mdomo hubaki wazi kidogo. Si kila ndege, lakini. Hizi kubwa za abiria hazimshughulishi hata kidogo, anaziita mabasi. Anazozipenda ni ndege za kivita za ujana wake, zile za bati linalong'aa na pua nyembamba, ambazo siku hizi hakuna jeshi linalozirusha. Iko moja mjini kwetu, kwenye makumbusho ya uwanja wa zamani wa kikosi cha anga, na baba huenda kuifuta siku tatu kila wiki bila kuombwa na mtu. Ana miaka sabini na minne. Magoti yamemgomea, lakini mpe kitambaa na ngazi uone.

Mtaani wanamwita Mzee Tano. Kila anapofunga mlango, anapopanda gari, anapomaliza chai yake, husema "tano" kwa sauti ndogo. Majirani wana maelezo yao. Wapo wanaosema ni idadi ya wake aliowahi kuoa, jambo ambalo ni uongo mtupu: alioa mama yangu peke yake, na mmoja huyo alimtosha na chenji ikabaki. Wengine wanasema ni namba ya bahati nasibu. Mimi nilikua nikidhani akina baba wote husema hivyo, hadi siku niliyokwenda kulala kwa rafiki yangu nikamsikia baba yake akifunga mlango kimya kimya.

Mimi ni fundi wa viti vya magari. Nina karakana yangu, cherehani mbili nzito, marobota ya sponji na ulimi ambao wateja wangu hawausifii. Sina muda na habari za mashetani. Mtu akiniletea gari akaanza kunieleza kwamba lina mkosi, namwambia alipeleke kwanza likaoshwe. Nayasema haya mapema ili nikifika huko mbele, ujue anayesimulia ni nani.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili baba aliponipeleka kuiona ile ndege mara ya kwanza. Ilikuwa imesimama peke yake katikati ya banda kubwa, madirisha yapo juu sana, na mwanga ulikuwa ukiishukia mgongoni. Nikaanza kukimbilia mbele. Baba akanishika ukosi.

"Usianzie usoni," akasema. "Kila mtu anaanzia usoni. Njoo huku."

Akanisimamisha nyuma ya mkia, kidogo upande wa kulia, akakiinamisha kichwa changu kwa kiganja mpaka jicho likawa sawa na ukingo wa bawa. "Haya. Sasa tazama."

Nikatazama. Bawa lilikuwa limelala nyuma kama sikio la paka aliyekasirika, jembamba hata nikaogopa kuligusa. Kiwiliwili kilianzia mkiani kikiwa kinene, kikabanwa kiunoni pale mabawa yanapoota, kikajaa tena kifuani, kisha kikakonda polepole kuelekea puani kama kwamba bati lenyewe lilikuwa likivuta pumzi. Hapakuwa na kona popote. Ribiti, zile pini za kuungia bati, zilikuwa zimelazwa ndani ya bati mpaka kidole kikipita juu yake hakisikii kitu. Na ingawa ilikuwa imefungwa magogo kwenye magurudumu na haijawaka kwa miaka, haikuonekana imesimama. Ilionekana imenyamaza tu, kama mtu aliyekatiza maneno kwa sababu umeingia chumbani.

"Nani aliichora?" nikauliza.

"Upepo," baba akasema. "Mainjinia walikuwa wanauliza tu, upepo unajibu."

Alinifundisha kumfuta. Yeye husema "kumfuta", hasemi "kuifuta", nami nimeshaacha kumsahihisha. Kitambaa huenda kutoka mbele kwenda nyuma, kama upepo unavyopita, hakirudi kinyume hata mara moja. Ukifika mkiani unakiinua, unarudi puani, unaanza upya. Tumboni bati lilikuwa limesuguliwa mpaka limekuwa kioo, na hapo ndipo nilipojiona siku ile, nimerefuka na kupinda, na pembeni yangu baba amerefuka na kupinda. Nyuma ya baba alikuwapo mtu wa tatu. Alisimama juu kidogo kuliko sisi, ameinama, kama mtu aliyefika kwenye kidato cha mwisho cha ngazi na anataka kuingia mahali.

Nikageuka. Tulikuwa wawili. Nikatazama tena bati, na mle tulikuwa wawili pia.

Nimejieleza mara nyingi kuhusu jambo hilo. Bati lililopinda huzidisha watu, hata kijiko hufanya hivyo. Lakini kijiko hakimvalishi mtu kofia ya rubani.

Basi niliipenda ndege ile na kuiogopa kwa wakati mmoja, na sidhani kama hisia hizo mbili zilikuwa na umbali mkubwa kati yake. Kitu kizuri namna ile hakikutengenezwa ili kimpendeze mtu. Kilitengenezwa kiue, na uzuri ukaja wenyewe. Nilipokua nikaanza kushona viti, nilijua jinsi mkono unavyohangaika kupata mkunjo mmoja tu ulio sahihi, na kila nilipompeleka baba makumbusho nilisimama pale nyuma ya mkia nikaona wivu.

Mtunza makumbusho ni mama mmoja mnene wa mwili na mwembamba wa maneno. Siku moja aliniita akanionyesha sakafu. Ilikuwa imepakwa rangi nyekundu kuizunguka ndege yote. Upande wa kulia rangi ilikuwa imekwisha kwa nyayo za wageni, saruji inaonekana. Upande wa kushoto, chini ya chumba cha rubani, rangi iling'aa kama ya jana.

"Hawasimami huku," akasema. "Sijaweka kamba, sijaweka tangazo. Nawauliza mbona hampiti huku, wanasema hawakujua kwamba hawapiti."

"Labda mwanga," nikasema.

"Labda," akasema. "Weka mkono hapo."

Nikaweka kiganja kwenye bati, pale ngazi ya rubani inapochomekwa. Ilikuwa asubuhi ya baridi na ndege nzima ilikuwa ya baridi kama sufuria iliyolala nje. Pale palikuwa na joto. Si joto la jua, maana jua halifiki. Lilikuwa joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi, na joto hilo mimi nalijua kuliko watu wengi. Nikaondoa mkono nikasema ni mambo ya mabomba. Yule mama akanitazama, na hakuna bomba hata moja katika banda lile. Baba ndiye pekee aliyepita upande huo. Kila alipofika aliweka kiganja hapohapo kwanza, akasema "Hujambo," ndipo akachukua kitambaa.

Siku ya nne baada ya kumzika mama, baba alinikalisha jikoni akaniambia kwa nini husema tano. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alikuwa hajamwambia mtu mwingine isipokuwa mama.

Ndege zile zina kiti cha kuokolea. Ndege ikimshinda rubani, anavuta mpini ulio katikati ya mapaja yake, wenye mistari ya njano na nyeusi, baruti inalipuka chini ya kiti, na kiti kinamtupa nje pamoja na mwavuli wake. Ili kiti kisije kikalipuka ndege ikiwa chini, fundi huchomeka pini tano mahali patano. Kila pini imefungwa utepe mwekundu ili ionekane. Kabla ya kuruka, fundi hupanda ngazi ya kushoto, huchomoa pini zote, huziinua mbele ya macho ya rubani, na wawili hao huhesabu pamoja kwa sauti. Rubani akishasema "tano", fundi humfungia kifuniko cha kioo, anashuka. Pini moja ikisahaulika, hasa ile inayofunga mpini, kiti hicho ni kiti tu, kama cha sebuleni.

Baba alikuwa fundi wa ndege namba saba. Namba nane, ndugu yake wa kiwanda kimoja, ndiyo iliyoko makumbusho. Rubani wa saba alikuwa kijana waliyemwita Bwana Harusi, kwa sababu alikuwa amebakiza wiki sita aoe na hakuwa na mazungumzo mengine. Tepe za pini zao alizishona mama yangu nyumbani, kwa kuwa zile za jeshi zilichanika upesi. Jumapili moja baba aliona uzi wa utepe mmoja, ule wa pini ya mpini, umelegea. Akasema moyoni, kesho nitampelekea ashone. Jumatatu akasahau.

Jumanne asubuhi Bwana Harusi alipanda kwa haraka, anacheka, injini ya ndege ya jirani inanguruma. Baba akachomoa, akainua mkono, wakahesabu. Na hapa ndipo palipo na kosa ambalo mtu asiye wa kazi ile hawezi kulifanya. Kwa miaka mingi walikuwa hawahesabu pini. Pini ni ndogo kama msumari, na jua likipiga kwenye kioo huioni. Walikuwa wanahesabu tepe. Tepe zilikuwa tano, Bwana Harusi akasema "tano", baba akafunga kioo. Ndege ilipokwisha kupaa, baba alikaa kivulini akafungua kiganja ili azipange mfukoni. Tepe tano. Pini nne. Ule uliolegea ulikuwa umetoka peke yake.

"Nikasema imeanguka chini," baba aliniambia. "Nikapiga magoti pale kwenye lami, nikatafuta. Nilitaka kwenda kuwaambia nikiwa na hakika. Nilitafuta kama dakika ishirini, mwanangu. Niliponyanyuka niende kusema, nikakuta wenzangu wameshaanza kukimbia."

Ndege namba saba ilikuwa imezama ziwani, upande wa kaskazini. Walitafuta wiki tatu, hawakuipata. Hakuna aliyemwuliza baba habari ya pini, naye hakusema. Alimwambia mama usiku huo. Mama akalia, akasema uzi ulikuwa wake. Baba akamwambia uzi ulikuwa wako lakini kesho ilikuwa yangu, na hawakulizungumza tena.

"Sasa ilianguka au ilibaki?" nikamwuliza.

"Sijui. Ikiwa ilianguka, ile ni ajali kama ajali nyingine. Ikiwa ilibaki, alivuta mpini na hakikutokea kitu, na mimi ndiye niliyemuua. Nataka kujua tu kabla sijafa. Hata ikiwa ni lile baya."

Nilimwamini aliposema hivyo. Nilikuja kuacha kumwamini baadaye, kwa faida yangu mwenyewe.

Mwaka huu mvua zilikataa kwa msimu wa pili na ziwa likarudi nyuma. Wachimba mchanga walikuwa wakifuata ukingo, kila mwezi wanasogea, wakapiga sepeto kwenye bati. Jeshi likaja. Wakatoa mifupa iliyokuwamo, wakaizika kwa heshima zote. Wakatoa baruti ya kiti hukohuko kwenye tope, na mabaki wakayapa makumbusho. Kwenye mkia ilikuwa bado inasomeka: saba.

Baba alipopata habari alipiga pasi shati lake jeupe, akalitundika, kesho yake akalipiga tena.

Mtunza makumbusho akanipigia simu. "Kiti kimefika. Mikanda yake inaoza, naogopa kuigusa. Njoo unisaidie, wewe ndiye mtu wa viti. Mzee nimemwambia aje saa sita, tumwoshee kwanza."

Nilifika saa mbili asubuhi na ndoo zangu, brashi zangu, koleo na kopo la mafuta ya kulainisha. Kiti kilikuwa katika chumba kilicho nyuma ya banda, juu ya meza ya mbao, chini ya dirisha. Yule mama aliniacha akaenda kuwafungulia wageni.

Fundi wa viti hahitaji kuambiwa aliyekalia kiti alikuwa nani. Nikiletewa kiti cha lori najua dereva anaegemea upande gani, ana uzito gani, na kama mgongo unamuuma. Kile kiti hakikuwa na sponji wala kitambaa, lakini kilisema. Mikanda ilikuwa bado imefungana kifuani, imekatwa mabegani tu pale wanajeshi walipomtoa. Pa kukanyagia miguu palikuwa pamebonyea mahali pawili, visigino viwili, kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona kwenye kiti chochote. Nikaanza kuosha kutoka juu. Maji yalishuka meusi kwenye ndoo. Na kadiri tope lilivyotoka, ndivyo nilivyozidi kuhisi kwamba nimemzuia mtu njia, kwamba kuna mtu anangoja nisogee ili ainuke. Nilisogea mara mbili bila kufikiri. Mara ya pili nikajikuta nimesema, "Samahani."

Nikacheka peke yangu. Kicheko hakikunisaidia.

Tope la mwisho lilikuwa limeganda katikati, pale mpini ulipo. Nililiosha kwa kidole. Njano ikatokea, kisha nyeusi. Kisha kidole changu kikagusa kichwa cha kitu kidogo cha mviringo, laini, kisicho na kutu.

Pini ilikuwamo.

Nilikaa chini sakafuni. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, na sikuogopa mzimu wala ziwa wala chochote cha namna hiyo. Niliogopa saa sita. Nilimwona baba akiingia na shati lake la pasi mara mbili, akiinama, akiona. Alisema anataka kujua hata ikiwa ni lile baya. Watu husema hivyo. Nikajiuliza atafanya nini na jibu hilo katika miaka michache aliyobakiza, ataliweka wapi katika nyumba ya vyumba viwili, na nani atakuwapo kumsikia akifunga mlango. Nikasema hapana. Mzee huyu amelipa vya kutosha.

Nikatia mafuta, nikangoja, nikashika kwa koleo. Haikusogea. Nikavuta tena, mguu nimeukaza kwenye meza. Ilivuta upande wake. Sina namna nyingine ya kulieleza hilo: kitu kilichoganda hukaa tu, lakini hii ilikuwa ikirudi ndani kila nilipopumzika, kama kamba ambayo mtu ameishika ncha ya pili. Nikavuta mpaka machozi yakanitoka. Mwishowe nikaweka mdomo karibu na chuma kile nikanong'ona, "Tafadhali. Ni baba yangu."

Ikaachia mara moja, nikaanguka chali nayo mkononi.

Niliitia kwenye mfuko wa aproni. Ndipo nilipoona mpini wenyewe. Ulikuwa umepinda kwenda juu, chuma kinene kama kidole gumba, kimepinda kwa mikono ya mtu. Sikuugusa. Nikauambia moyo wangu kwamba ndege ikianguka kila kitu hupinda.

Yule mama akarudi na chai. "Umeona nini?"

"Matope," nikasema.

Baba alifika saa sita kasoro robo. Hakuenda moja kwa moja kwenye kiti. Uani walikuwa wameulaza ule mkia wa namba saba juu ya magunia, na alisimama nyuma yake, akainamisha kichwa mpaka jicho likawa sawa na ukingo, nami nikaona mdomo wake umebaki wazi.

"Tazama mkunjo ule," akasema. "Tope miaka yote hiyo, na haujapoteza kitu. Watu walikuwa na akili, mwanangu."

Kisha akaingia. Nilimwekea kigoda mbele ya meza. Akavaa miwani, akaomba taa, nikamshikia tochi. Aliutafuta ule mpini kwa macho, akashuka polepole mpaka mahali pa pini, akatazama.

"Haimo," akasema.

"Haimo, baba."

"Haimo, mwanangu! Iliangukia pale pale kwenye lami!" Akanishika mkono, akacheka, na alicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake, sauti ya kijana mmoja wa kwenye picha zetu za zamani. Nami nikacheka. Kwa muda wa dakika moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini, na sitalikana hilo.

Lakini mtu akishakuwa fundi, mikono yake haimngoji. Alikuwa bado anacheka huku amekwisha kuchukua kijiti cha kiberiti mfukoni, anakichomeka katika lile tundu, kama anavyochomeka katika kila tundu analokutana nalo. Akakitoa. Kilikuwa safi, kinang'aa mafuta kidogo. Akakigeuza upande wa pili, akachomeka katika tundu la skrubu lililo jirani. Kikatoka cheusi, kimejaa tope zito la ziwani.

Akazitazama zile ncha mbili za kijiti kimoja. Tundu lililokaa wazi miaka thelathini na moja chini ya ziwa lingekuwa limejaa tope kama mwenzake. Nilikuwa nimewaza kila kitu isipokuwa hilo, nami najiita fundi.

Baba hakuniangalia. Alikiweka kijiti juu ya meza taratibu.

"Iligoma sana kutoka?" akauliza.

Nikasema, "Iligoma, baba."

"Hukuumia mkono?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa kukubali. Akautazama mpini uliopinda, akautazama kwa muda, na macho yake yakashuka mpaka pale visigino vilipobonyeza. Hakulia. Alivua miwani akaikunja.

"Niache naye kidogo," akasema.

Nikatoka, nikarudisha mlango, lakini sikwenda mbali. Nilisimama uani karibu na ule mkia, pini mfukoni, na dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia baba akianza kusema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa taarifa kazini. Alianza na Jumapili. Akaeleza uzi, akaeleza Jumatatu na kilichomsahaulisha, akaeleza dakika ishirini za lami bila kuzipunguza. Mara kwa mara alikatiza, akanyamaza, halafu akaendelea kutoka mahali pengine, vile mtu anavyofanya akiulizwa swali.

Kisha akauliza yeye. "Ulivuta mara ngapi?"

Nilijikuta nimeshika ukingo wa mkia kwa mikono yote miwili, na nilikuwa nikijiambia hakuna mtu mle ndani, nimekiosha mimi mwenyewe kile kiti, ni chuma na mikanda tu. Wageni walikuwa wakipita upande wa pili wa banda, niliweza kusikia viatu vyao. Ndani ya chumba hakukuwa na sauti yoyote.

"Pole sana, mdogo wangu," baba akasema, kama mtu aliyekwisha kujibiwa. "Na baada ya hapo?"